Maneno ya kumukumbuka mwenzetu wa promosheni aliyechukuliwa na Mulongwe



Promosheni imenituma niseme maneno machache.

Wengi mulimujua juu ya mupira. Alikuwa beki wa kushoto, mufupi, hachoki. Siku ya posho tulicheza pale kwenye muchanga wa ziwa, na watoto wa kartie wasio na viatu aliwafanyia kikundi chao. Lakini saa kumi na moja ikifika, hata kama tunashindwa, alitoka. Mama alikuwa anamungojea sokoni amubebee beseni ya ndagala. Tulimucheka. Yeye alijibu tu: «Mechi itarudi kesho, mugongo wa mama ni mumoja.»

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, masomo yalikuwa yamefungwa juu ya Korona, kwa hiyo alikuwa nyumbani. Mvua ikanyesha sana. Mulongwe ikaacha njia yake, ikashuka na mawe na matope. Alitoa wadogo zake wawili, akawafikisha kwa jirani wa juu. Akarudi kumuchukua bibi yake. Hatukuwaona tena wakiwa hai.

Mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 40 hapa Uvira. Nyumba maelfu ziliharibika. Hata mutambo wa maji uliguswa: muji unaolala kando ya ziwa ukakosa maji safi.

Kwenye kilio tulisikia: ni mapenzi ya Mungu. Hatubishani na Mungu. Lakini si Mungu aliyegawa viwanja mu njia ya muto. Si Mungu aliyemaliza miti kwenye milima yetu, wala aliyejaza mifereji takataka. Ni watu, na watu wanaweza kuulizwa. Anayetia sahihi kwenye karatasi ya kiwanja aulizwe. Na sisi tunaotupa chupa mu mufereji tujiulize.

Kwa hiyo tunaomba vitu viwili. Wakubwa waweke mipaka ya muto, na waliojenga ndani wapewe pahali pengine mbele ya mvua, si kisha kuzika. Na sisi vijana, siku ya posho asubuhi, kila mutu alete jembe ao karai, tuzibue mifereji ya kartie yake.

Mama, wadogo zake wawili tutaendelea kuwachangia minervali, kila muhula, mpaka wamalize. Yeye alikuwa ameanza.