Siri ya Fundi Mbele ya Baraza
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sumbawanga)

Bwana Rais, na ndugu zangu wanachama,

Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo huwafikia makarani wa mahakama mara chache, lakini likiwafikia huwakuta hawakujiandaa: shauri ambalo ndani yake mna siri ya kazi ya mtu.

Hapa Ufipa jambo hili si geni. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuri marefu ya udongo yapitayo kimo cha mtu, ambayo mabaki yake yangali yaonekana, ingawa kazi yenyewe ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Tanuri lile lilivuta hewa lenyewe. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuri dogo la kusafishia chuma. Hayo kila mpita njia aliweza kuyaona. Lakini dawa za tanuri zilikuwa elimu ya fundi mkuu na wale aliowafundisha, na kikapu chake hakikufunguliwa mbele ya kila mtu.

Natuwaze shauri. Fundi amshitaki mwanafunzi wake kwamba ameiba elimu ya dawa. Mwanafunzi ajibu, “Dawa zangu nalipewa na mjomba.” Hakimu afanyeje? Kikapu kikifunguliwa hadharani, fundi ashinda shauri na kupoteza mali aliyoidai, maana jioni ile ile vijiji vyote vyajua. Kikibaki kimefungwa, mwanafunzi ahukumiwa kwa kitu asichokiona wala kuweza kukikanusha. Na pengine kikapuni hamna ila majani yajulikanayo na kila bibi kizee!

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6), yampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Mwaka 1913, katika shauri la Scott, Baraza la Malodi la Uingereza lilishikilia kwamba mahakama iwe wazi. Lakini Viscount Haldane alitaja shauri la siri ya utengenezaji kuwa mojawapo ya yale yawezayo kusikilizwa faraghani, kwa kuwa kuitangaza ni kuiangamiza. Mapatano ya biashara ya mwaka 1994 yaitwayo TRIPS nayo, katika kifungu cha 42, yataka kuwe na njia ya kuilinda siri mahakamani, isipokuwa pale njia hiyo ipinganapo na katiba ya nchi.

Basi faragha ni dhidi ya umma, si dhidi ya mdaiwa. Hapo ndipo wengi wapotokapo. Hakimu aweza kuwatoa watazamaji kwa saa moja ya ushahidi ule tu, kisha akafungua mlango. Katika madai aweza kuamuru hati isomwe na mawakili na mtaalamu wa kila upande, wakiisha kuahidi kwa maandishi kutoitumia nje ya shauri. Bali mshitakiwa wa jinai, awezaye kufungwa, yapasa auone mwenyewe ushahidi umkabilio. Mdai asiyekubali hayo, naona heri ashindwe.

Tangu sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Ni jema kubwa; lakini fahamuni kwamba lisomwalo kwa sauti sasa laeleweka hata na aketiye benchi la nyuma.

Nami nimeona kwa macho yangu, katika ofisi nisiyoitaja, jalada lenye vipimo vya mchanganyiko wa fundi limeachwa wazi juu ya meza, na mtu wa upande wa pili alikuwa akinakili kwa kalamu ya risasi. Hakimu alikuwa ameamuru vema. Karani alikwenda kunywa chai. Na ofisi ile ile, mwezi mwingine, ilimnyima mdaiwa nakala aliyostahili, eti “ni siri,” pasipo amri yo yote ya hakimu! Sijui lipi lilikuwa baya zaidi.

Kwa hiyo hati ya siri iwekwe katika bahasha yenye lakiri, tarehe ya amri iandikwe juu yake, na daftari lionyeshe kila aliyeifungua. Katika jalada la wazi ibaki nakala iliyofutwa maneno yale tu. Mtu akiomba kusoma, tazama amri kwanza. Kama hapana amri, mpelekee hakimu ombi lake siku ile ile.

Bwana Rais, maswali na yaanze kwa ndugu zetu wa masjala, kwa kuwa funguo zi mikononi mwao.