Liyongo Kabla ya Rustam: Tendi na Majengo ya Kiislamu katika Madarasa ya Nyeri

Walimu wenzangu wa Kiswahili na wa Mafunzo ya Jamii mliofika kutoka Karatina, Nanyuki, Kerugoya na Embu,

Nimeombwa nieleze namna ya kuwafundisha watoto wa sekondari msingi tendi za Kiajemi pamoja na majengo ya Kiislamu. Rai yangu ni kwamba tusianzie Iran. Tuanzie Lamu, kwa Muhammad Kijumwa, aliyetunga Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Mzee huyu alikuwa pia bingwa wa khati na fundi wa kuchonga milango. Sisi tumeyagawa hayo: ushairi kwa mwalimu wa Kiswahili, milango ya Lamu kwa mwalimu wa historia, na khati haina mwenyewe. Kwake yeye yote yalikuwa kazi ya mkono mmoja, na darasani yanaweza kurudi kuwa hivyo.

Firdausi wa Tus alimaliza Shahnameh, utendi mkuu wa Kiajemi, mwaka 1010, baada ya kuifanyia kazi zaidi ya miaka thelathini. Ina beti zinazokaribia elfu hamsini. Ukimtajia mtoto wa Gredi ya 7 idadi hiyo siku ya kwanza, umemfukuza. Mpe kisa kimoja tu, cha Rustam na Sohrab, lakini asikutane nacho kabla hajamjua Liyongo.

Liyongo, shujaa wa utendi wa Kijumwa, anauawa na mwanawe. Mfalme wa Pate amemrubuni kijana kwa ahadi ya ndoa na cheo. Kijana anamdadisi baba hadi anaambiwa siri, kwamba ni sindano ya shaba tu, tena ya kitovuni, inayoweza kumwangusha. Anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anainuka na jeraha lake, anakwenda kupiga goti kisimani na mshale upindeni, na hapo anakata roho. Mji mzima unakaa na kiu kwa kumwogopa maiti. Kwa Firdausi mambo yamegeuzwa: baba ndiye anayemchoma mwana, katika mieleka, wala hamjui. Anakuja kumtambua kwa kito alichomwachia mamake, ambacho kijana amekifunga mkononi, na damu imekwisha kumwagika. Mmoja aliua akijua, mwingine aliua bila kujua. Waulizeni watoto ni yupi mwenye hatia kubwa zaidi, kisha mkae kando. Kengele ya kipindi italia hawajamaliza.

Visa hivi visimuliwe kwa mdomo kabla ya kitabu kufunguliwa. Iran wana wasimulizi wa naqqali, ambao hutamba visa vya Shahnameh mbele ya watu, pengine wakionyesha picha zilizochorwa kwenye pazia. Mwaka 2011 UNESCO iliitia sanaa hiyo katika orodha ya zinazohitaji kuokolewa upesi. Na sisi huku mlimani tulikuwa na gĩcandĩ: washindani wawili wakijibizana kwa mafumbo, kibuyu chenye alama zilizochorwa kikiwa mkononi. Padre Merlo Pick wa Consolata aliyakusanya mashairi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Mtoto wa Tetu au Mathira ambaye babu yake alijua kusoma kibuyu hana sababu ya kulionea ajabu pazia la Mwajemi. (Lini mara ya mwisho mmoja wetu alikiingiza kibuyu darasani? Swali hilo nalielekeza kwangu pia.)

Watoto watauliza: Waajemi wanatuhusu nini? Pwani kuna masimulizi ya Washirazi, wanaodai asili ya Shiraz huko Uajemi, ambayo wanahistoria wameyabishania kwa muda mrefu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA wa mifupa ya kale kutoka miji kama Manda na Mtwapa. Ulionyesha kwamba watu wengi wa miji hiyo walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, na ya Kiajemi upande wa akina baba, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Ni zama zile zile Firdausi alipokuwa akiandika. Hilo halithibitishi kila ukoo unaodai Shiraz, na watoto waambiwe hivyo.

Kwa majengo, anzeni na boriti. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na miti ya mikoko, ambayo haivuki sana meta tatu. Mtoto anayeijua mbao ya kiwandani kwa futi zake ataelewa mara moja. Baadaye mpeni bikari na rula achore tao la mihrabu ya msikiti mkuu wa Gedi, mji uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Waonyesheni pia kwamba misikiti mingi ya kale ya Waswahili haikuwa na minara. Wengi wanadhani msikiti ni mnara.

Halafu toeni dira. Kutoka kwetu Makka, inayoelekewa katika swala, iko karibu kaskazini kamili, imeelekea mashariki kidogo. Anayeswali Nyeri mjini anauweka Mlima Kenya mbele upande wa kulia. Wa Nanyuki anaupa mgongo kwa upande. Wa Kerugoya, kibla na kilele viko karibu mstari mmoja. Mtoto ambaye nyanyake huomba akielekea mlima huo, Kirinyaga, hapo ana la kusema, na somo la jiografia limefanyika bila kutangazwa.

Mkiwapeleka msikitini, wapo wazazi watakaonung'unika kwamba tunawasilimisha watoto wao. Msiwabeze. Barua ya ruhusa iseme waziwazi: ni ziara ya kupima na kuchora jengo. Gedi ni mbali na nauli yake ni mzigo, basi nendeni msikiti wa mjini mwenu. Zungumzeni na imamu wiki moja kabla, epukeni Ijumaa, waelezeni watoto habari ya mavazi na kuvua viatu, na mwende na kamba ya kupimia, kwa maana rula za darasani hazifiki popote ukutani.