Safari ya Mikoba Miwili

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni)

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilosemwa sana kanisani, nalo ni likizo ya mume na mke.

Huku kwetu Kericho na Bomet, likizo ni ya watoto wa shule. Mtu mzima akiaga kwamba anasafiri, watu huuliza ni nani amefariki. Na ni kweli, majani ya chai hayamngoji mtu: yakipitisha siku zake bila kuchumwa hukomaa, na kiwanda hakiyataki. Bonasi nayo hugawanywa kabla haijafika. Karo, mbolea, harambee ya jirani, mabati ya jikoni. Sisi tumeoana miaka mingi, na siku moja tulipohesabu tukaona kwamba hatujapata kulala pamoja nje ya nyumba yetu ila kwa ajili ya matanga na arusi. Jioni tulizungumza habari ya kilo ngapi zimepimwa na nani atapeleka fedha shuleni. Hatukuwa tumegombana, tulikuwa tumenyamaza tu. Nyumba nyingi zimo katika kunyamaza huko, nasi twasema nazo asubuhi hii.

Basi mwezi wa Agosti 2023 tuliazima mikoba miwili ya shule ya watoto wetu, tukatia nguo, chandarua, Biblia, na pakiti mbili za majani ya chai, tukaondoka. Kwa siku nne, nauli, malazi na chakula havikufika shilingi 10,000 kwa sisi wawili.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye twamheshimu, alituuliza kabla ya kwenda kama fedha hizo hazingefaa zaidi kwenye paa la kanisa. Ni swali zuri. Tulimwomba asome nasi Kumbukumbu la Torati sura ya 14, mistari ya mwisho. Pale mtu aishiye mbali anaruhusiwa kuuza zaka ya mazao yake, kufunga fedha mkononi, kwenda mahali Bwana alipopachagua, na kununua huko chochote roho yake inachotamani, ale afurahi yeye na nyumba yake. Mlawi naye asisahauliwe. Mzee alisoma mara mbili, akavua miwani, akasema hajapata kusikia mahubiri juu ya sura hiyo. Sisi pia hatujapata.

Tena tulisoma Marko sura ya 6. Mitume wamerudi kutoka kazini, watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawana. Bwana Yesu anawaita waende kando wapumzike, nao wanapanda mashua. Lakini watu waliwaona wakienda, wakapiga mbio kwa miguu, wakatangulia kufika. Mashua ilipotia nanga, kumbe mkutano mkubwa umekwisha kukusanyika.

Kutoka Bomet tulipanda matatu hadi Kaplong, tena Kisii, tena Homa Bay, hata Mbita. Kwa jumla ni safari ya kushuka. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Ziwa Viktoria liko mita 1,134. Joto hutupata sisi watu wa baridi kama mtu aliyefungua tanuri. Jambo moja msilipuuze: watu wa milimani hatuna kinga nyingi ya malaria, basi mwulizeni daktari dawa ya kujikinga kabla hamjaenda, tena msilale bila chandarua. Ziwa nalo lina kichocho. Tulitamani sana kuoga ufukoni, tukaoga kwa ndoo.

Kutoka Mbita daraja huvuka mpaka kisiwa cha Rusinga, ambako yuko kaburi la Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Wengi hawajui kwamba alizaliwa mbali na kisiwa hicho, mwaka 1930, huko Kilima Mbogo, kwa sababu baba yake alikuwa mfanyakazi katika shamba la mkonge. Sisi tulio na mashamba makubwa ya chai kila upande twajua maana ya mtoto kuzaliwa katika nyumba za kambi.

Asubuhi iliyofuata tulipanda mashua ya injini kwenda kisiwa cha Mfangano, nyumbani kwa Wasuba. Kuna mlima katikati, na katika miamba yake kuna michoro ya kale ya duara, nyekundu na nyeupe, ambayo husemwa kuwa ni kazi ya wawindaji walioishi huko zamani sana. Kupanda kuliwashinda magoti yetu mara tatu, nasi tulicheka mara tatu. Usiku wavuvi wa omena huwasha taa majini, hata ziwa likaonekana kama mji. Tuliketi nje kuzitazama, na mmoja wetu akataja jina la mtoto wetu wa kwanza, ambaye tulimzika akiwa mdogo. Jina lile lilikuwa halijatajwa kati yetu kwa miaka mingi. Tulizungumza mpaka taa zile zikaanza kurudi pwani.

Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa mzee mpole. Alipouliza tumetoka wapi, tukamwambia Bomet. Alinyamaza, kisha akasema, “Chamgei.” Tukastaajabu, tukamjibu, “Chamgei mising.” Alikuwa amechuma chai karibu na Kericho miaka 19, na watoto wake walizaliwa huko. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi, alifukuzwa kwa sababu ya kabila lake. Katika siku zile watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini. Yeye aliondoka na mkewe, watoto watatu, na mkoba mmoja wa shule wenye vyeti vya ubatizo na vya mitihani.

Wasikilizaji, sisi mwaka ule tulikuwa nyumbani, na moshi wa nyumba za kambi tuliuona kwa macho yetu. Tulikuwa tumekwenda kisiwani tusionane na mtu. Tulimwambia pole. Mkewe akachukua majani yetu ya chai, akayanusa, akaenda kuyapika, nasi tulikunywa wote wanne bila maneno mengi.

Ndipo mzee akauliza kama kisima fulani bado kipo, na kama mama mmoja Mkipsigis aliyekaa karibu nacho yu hai. Mama huyo aliwaficha siku mbili chini ya ghala la mahindi, wakati vijana walipopita wakiuliza. Hakuwahi kumshukuru, maana walitoka usiku. Tuliandika jina katika ukurasa wa nyuma wa Biblia.

Kumtafuta kulituchukua majuma matatu. Tulimkuta mjane, macho yamepungua, lakini akili timamu. Tulipiga simu Mfangano, tukamwekea sikioni. Walizungumza Kikipsigis, yeye na mke wa yule mzee, wakiulizana habari za watoto mmoja mmoja kwa majina, hata salio la simu likaisha katikati ya neno. Mama akaturudishia simu, akasema tutie fedha nyingine, kwa kuwa bado hajamaliza.

Somo letu lilikuwa Marko 6, mstari wa 30 hata 34. Kwaherini hata juma lijalo.