Pistoni ya Mzee



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi yangu ya ufundi. Nitasema juu ya kosa langu.

Nilipokuwa Uingereza nilifanya kazi katika karakana ya mzee mmoja. Alikuwa na pikipiki BSA B31 ya mwaka 1954, akaipenda kama mtoto. Akaniruhusu niitengeneze kwa mashindano ya Santa Pod, ambako tangu 1966 watu hushindana robo maili, yaani mita 402, wakianzia kusimama.

Injini ile ilitoka kiwandani na mgandamizo wa 6.5 kwa 1. Hewa na petroli zikibanwa zaidi kabla ya kuwashwa, nguvu huongezeka. Basi nikatia pistoni yenye kichwa kilichoinuka, nikafunga. Sikupima kitu. Siku ya kwanza kuijaribu, injini iligonga kama nyundo, ikazimika. Nilipoifungua, pistoni ilikuwa imetoboka katikati.

Mzee hakunigombeza. Alileta pistoni nyingine kama ile, bomba la sindano na oili, akaniuliza, "Juu ya pistoni mna nafasi kiasi gani?" Nikanyamaza.

Tukapima: pistoni ikiwa juu kabisa, valvu zimefungwa, oili tukaitia kwa tundu la plagi. Ziliingia sentimita za ujazo 36. Silinda ina kipenyo cha milimita 71 na pistoni husafiri milimita 88; huo ni ujazo wa 348. Jumlisha 36, kisha gawanya kwa 36: karibu 10.7. Kwa injini ile na petroli ya kawaida, ni kupita kiasi. Mchanganyiko hulipuka ovyo badala ya kuungua kwa taratibu yake.

Tukaweka bamba la alumini la milimita 2.5 chini ya silinda. Nafasi ikawa 46, mgandamizo 8.6.

Tuliporudi Santa Pod sikushinda. Lakini nilimaliza mita zote 402, na jioni mzee alirudi kwake akiendesha pikipiki yake mwenyewe.

Wanafunzi, hesabu ile ya ujazo nilifundishwa katika darasa lile pale. Niliikariri kwa ajili ya mtihani, nikaiacha mlangoni nilipotoka. Ninyi tokeni nayo.