Uso Usipotee: Kugeuza Picha Kuwa Nyeusi na Nyeupe kwa Ajili ya Kuchapisha

Mazungumzo ya mkufunzi wa uchapishaji mbele ya vijana na wenye maduka ya uchapishaji, katika chuo cha ufundi cha kaunti.



Nimeombwa nizungumzie namna ya kugeuza picha ya kawaida iwe nyeusi tii na nyeupe pepepe, bila kijivu katikati. Kazi ya aina hii mmeiona. Ile sura ya Che Guevara kwenye fulana na matatu ilitokana na picha aliyoipiga Alberto Korda mjini Havana mwaka 1960. Mwaka 1968 msanii wa Ayalandi, Jim Fitzpatrick, akaigeuza kuwa maumbo meusi juu ya rangi nyekundu, na ndivyo tunavyoijua hadi leo.

Kwetu sisi haja yake ni ya kila siku. Skrini ya kuchapishia haijui kijivu: wino ama unapita, ama haupiti. Muhuri wa mpira ni vivyo hivyo. Na fikirieni tangazo la mtoto aliyepotea. Picha inatolewa kopi, kopi inatolewa kopi nyingine, na kufikia wakati inabandikwa mlangoni pa ofisi ya chifu, uso umekuwa doa. Mtu anaweza kukutana na mtoto yule sokoni asimtambue. Picha iliyotengenezwa vizuri kwa weusi na weupe mtupu huvumilia kopi nyingi kabla ya kuharibika.

Tutatumia Inkscape, programu ya michoro ya vekta isiyolipiwa, iliyoanza mwaka 2003. Vekta maana yake ni kwamba mchoro unahifadhiwa kama mistari na maumbo, si kama vidoa, kwa hiyo faili moja inatosha kwa kadi ndogo na kwa bango la barabarani. Ingiza picha yako, ibonyeze ili ichaguliwe, nenda kwenye menyu ya Path, kisha Trace Bitmap. Chagua njia ya Brightness cutoff. Mchoro mpya utakaa juu kabisa ya picha ya zamani, kwa hiyo usidhani hakuna kilichofanyika. Uvute pembeni, halafu ufute picha ya chini.

Sasa kiini cha mazungumzo. Kwenye njia hiyo kuna namba moja kati ya 0 na 1, ambayo mimi naiita kizingiti. Kila sehemu ya picha iliyo na giza kupita kizingiti inakuwa nyeusi. Iliyo na mwanga zaidi inakuwa nyeupe. Kwa kawaida programu huanza na 0.45. Weka hapo picha ya mtu mwenye ngozi nyeusi kama wengi wetu humu ndani, na mara nyingi utapata kivuli chenye meno. Macho hayapo, pua haipo. Kompyuta haijaharibika, na picha si mbaya. Ni namba tu, na namba hiyo ni yako kuibadilisha. Ishushe hadi 0.3, hata 0.2, ukitazama uso ukirudi kidogo kidogo: kwanza paji la uso, kisha shavu, kisha ukingo wa pua. Simama pale ambapo mama yake angemtambua. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini, na sijapata kingine cha kukishinda.

Tatizo linalofuata ni sare ya shule. Ukishusha kizingiti kwa ajili ya uso, shati jeupe linapotea lote na kichwa kinabaki kikielea hewani. Dawa yake ni kufuatisha picha mara mbili: mara moja kwa kizingiti cha chini kwa ajili ya uso, na mara ya pili kwa kizingiti cha juu ili kupata kola na mikunjo ya shati. Kata kila mchoro ubakishe sehemu unayoitaka, kisha uunganishe. Vidoa vidogo vinavyobaki huondolewa kwa kuongeza namba ya Speckles, lakini kwa kiasi, maana ile nukta ndogo ya mwanga ndani ya jicho nayo ni kidoa. Ikipotea, ichoreni kwa mkono.

Ukipata nafasi ya kupiga picha mwenyewe, kazi inapungua nusu. Jua la saa sita hutia giza kwenye macho. Msimamishe mtu kando ya dirisha au kwenye ukingo wa kivuli cha nyumba, mwanga umjie ubavuni.

Kwa fulana nyeusi na wino mweupe, kumbukeni kwamba sasa unachapisha mwanga. Weka alama kwenye kisanduku cha kugeuza picha, la sivyo mteja atachukua fulana yenye sura ya mzimu. Na ondoa mandhari ya nyuma kwanza, usije ukachapisha boksi jeupe kifuani.

Jambo la mwisho ni la sheria. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi, na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe hakubadilishi hilo. Anayetaka kuitumia kwenye bidhaa ya kuuza aombe idhini kwanza, na kwa mtoto, idhini hiyo hutoka kwa mzazi au mlezi. Aliyepiga picha naye ana haki zake, hata kama uliipata kwenye simu. Wenye maduka, wekeni karatasi ya idhini iliyotiwa sahihi pamoja na oda.

Sasa tuwasheni mashine. Kila mmoja ampige picha jirani yake, kwa ruhusa yake, na aanze na kizingiti cha 0.45 ili aone mwenyewe kinachotokea.