Kemikali za Kuzuia Moto katika Udongo na Mikoko ya Kwale: Tuzidhibiti Nchi Kavu



Hoja yangu ni moja. Kemikali za kuzuia moto zikishatua katika tope la mikoko, hakuna wa kuzitoa. Kazi yote iko huku nchi kavu.

1. Kemikali zenyewe

Tangu miaka ya 1970, viwanda vimekuwa vikitia kemikali zenye bromini katika makasha ya televisheni na kompyuta, magodoro na viti vya sponji, ili visishike moto upesi. Kundi lililoenea sana huitwa PBDE. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na sisi watu wa Diani, tunaoishi na mapaa ya makuti, tunaujua moto.

Tatizo ni kwamba PBDE huchanganywa tu na plastiki, haziungani nayo. Kifaa kikichakaa hutoka kidogo kidogo, zikaingia katika vumbi na udongo. Haziyeyuki vizuri katika maji. Hushikamana na mafuta na mabaki ya mimea yaliyooza. Katika mashapo huweza kudumu miaka mingi, na aina yenye atomi kumi za bromini ikivunjika huzaa nyingine ndogo zinazoingia mwilini kwa urahisi zaidi. Kaa hujilisha topeni, samaki humla kaa, nasi tunamla samaki. Watafiti wamezihusisha na kuvurugika kwa homoni za tezi dundumio na ukuaji wa ubongo wa mtoto, tangu akiwa tumboni.

2. Njia ya kufika baharini

Televisheni kuukuu hupita kwa fundi mmoja hadi mwingine, mwisho ikafika kwa vijana wa vyuma chakavu. Kijana huivunja, huchomoa shaba, kasha hulitupa. Waya huuchoma ili plastiki iungue, naye huvuta moshi ambao unaweza kuwa na dioksini. Kasha lililotupwa hukauka juani, hupasuka na kumeguka vipande vidogo, kisha masika huja.

Kwa upande wa Diani, maji hushuka na Mto Mwachema hadi karibu na msikiti wa Kongo. Kwa upande wa Msambweni, Mkurumudzi na Kidogoweni huelekea Gazi. Pale mizizi ya mikoko hupunguza kasi ya maji na tope hutua. Kaboni iliyohifadhiwa katika msitu huo ndiyo iliyouwezesha mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013, kuuza hati za kaboni na kunufaisha vijiji. Lakini tope lenye kaboni nyingi ndilo pia linaloshika PBDE. Tunaulinda msitu kwa sababu unahifadhi. Basi tuangalie tunaupa nini uhifadhi.

3. Funzo kutoka nje

Nchini Uswidi, maziwa ya akina mama yaliyohifadhiwa tangu 1972 yalionyesha PBDE zikiongezeka karibu maradufu kila miaka mitano, hadi 1997. Matumizi yalipopunguzwa, kiwango kikaanza kushuka. Hatua zikichukuliwa, matokeo huonekana.

Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Aina za kwanza za PBDE ziliorodheshwa humo mwaka 2009, na ile ya bromini kumi mwaka 2017. Hata hivyo, mkataba uliacha mwanya wa kurejeleza plastiki zenye baadhi ya PBDE hadi 2030. Kwa mwanya huo, kasha la jana laweza kurudi dukani likiwa kichezeo cha mtoto.

4. Mapendekezo

Kwanza, makasha yatengwe. Baadhi yamepigwa chapa ya herufi FR kwa ndani, alama ya kemikali za kuzuia moto. Yasiyo na chapa yajaribiwe kwa maji ya chumvi, karibu gramu 150 kwa lita: vipande vyenye bromini nyingi huzama, plastiki nyingi za kawaida za makasha huelea. Si kipimo cha maabara, kwani plastiki nyingine nzito huzama pia, lakini kinatosha kwa kutenga. Vilivyozama visichomwe wala kuuzwa kwa wanaosaga plastiki.

Pili, kila hoteli inapobadilisha televisheni na magodoro ikabidhi yale makuukuu kwa wakusanyaji wenye leseni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha wazalishaji sehemu ya mzigo huu, kaunti iwadai.

Tatu, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), yenye kituo Gazi, iombwe kuchukua tope kwa bomba na kupima PBDE tabaka kwa tabaka, kisha irudie baada ya miaka mitano.

Nne, na hili nalisisitiza, kasha lipewe bei. Kijana hulitupa kwa sababu shaba inalipa na plastiki hiyo hailipi. Tusimtake abebe peke yake gharama ya kuilinda bahari ya wote. Naomba semina hii iazimie kaunti, hoteli na wazalishaji waanzishe mfuko wa kununua makasha kwa kilo, na kituo cha kwanza kifunguliwe Ukunda kabla ya masika yajayo.