Sindano ya Santuri: Wakati wa Kuibadili

Someni pamoja nami katika karatasi zenu, na penseli ziwe karibu, kwa maana leo tuna hesabu kidogo ya kufanya.

Somo letu lahusu kitu kidogo sana: sindano ya gramafoni. Swali ni hili: mtu atajuaje kwamba sindano yake imekwisha?

Kwanza tutazame kazi yake. Ukiishika santuri mwangani, utadhani ina mistari mingi. Sivyo. Kila upande una mfuo mmoja tu, uzungukao kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Sauti ya mwimbaji imechongwa katika kuta za mfuo huo. Sindano hupita ndani yake, kuta huitikisa, na mtikiso huo ndio ugeuzwao kuwa sauti. Basi sindano na santuri husuguana daima, na vitu visuguanavyo hulika.

Santuri za zamani, zizungukazo mara 78 kwa dakika, nyingi zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu, uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo huisaga sindano ya chuma. Kwa hiyo sheria yake ni nyepesi: sindano moja, upande mmoja wa santuri, kisha itupwe. Ndiyo sababu sindano hizo ziliuzwa katika vikebe, mara nyingi 200 kwa kikebe kimoja. Mtu airudiaye sindano ile ile ili aokoe senti chache huukwaruza mfuo kama kwa patasi.

Santuri za plastiki zizungukazo mara 33 na theluthi moja kwa dakika zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Hizi hutaka sindano yenye ncha ya kito, yakuti au almasi. Yakuti hulika upesi, baada ya makumi machache ya saa. Almasi hudumu kwa kawaida saa 500 mpaka 1,000. Tena, msitumie sindano ya santuri hizi kwa santuri za 78. Mfuo wa 78 ni mpana zaidi, nao una sindano yake.

Sasa tuzitaje dalili za sindano iliyokwisha:

1. Herufi "s" na "sh" katika wimbo husikika kama mate yanayotemwa.
2. Sauti hukwaruza, hasa sindano inapokaribia katikati ya santuri.
3. Sindano huruka, au hurudia neno lile lile.
4. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, ncha haina tena umbo la mviringo. Ina ubapa ung'aao. Fundi saa aweza kukusaidia kuitazama.

Lakini sikilizeni vema neno hili. Masikio huchelewa. Sindano hulika kidogo kidogo, na masikio huzoea kidogo kidogo. Siku mtakayosema, "Sauti imeharibika," kuta za mfuo huenda zimekwisha kuchubuliwa. Hapo mkitia sindano mpya, mkwaruzo utabaki, kwa kuwa sasa umo ndani ya santuri yenyewe. Sindano hununuliwa. Mfuo uliochubuliwa haushonwi.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walisafiri mpaka Bombay, huko India, sauti zao zikatiwa katika santuri. Siti alifariki mwaka 1950. Hawezi kuitwa tena aje aimbe upya. Mtu aliyerithi santuri ya namna hiyo kwa babu yake ameshika sauti isiyo na badala, naye aweza kuiharibu kwa sindano moja mbovu.

Kwa hiyo tusingoje dalili. Tuhesabu saa. Chukueni penseli. Upande mmoja wa santuri ya plastiki huchukua kama dakika 20. Pande tatu ni saa moja. Basi saa 500 ni pande 1,500. Mtu apigaye saa moja kila siku atafika saa 500 kwa muda wa mwaka mmoja na miezi minne hivi. Wekeni daftari dogo kando ya gramafoni. Andikeni tarehe ya kutia sindano, na kila upande upigwao wekeni alama moja. Kazi hii yataka kujua kuandika na kuhesabu tu, nayo ninyi mwajua.

Tena, pangusa vumbi kabla ya kupiga santuri. Safisha sindano kwa brashi laini, ukivuta kutoka nyuma kuja mbele. Usiiguse kwa kidole. Wala usiweke sarafu juu ya mkono wa gramafoni ili sindano isiruke, maana uzito huo huzidi kuuchimba mfuo.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini sindano ya chuma hutumiwa kwa upande mmoja tu?
2. Kwa nini tusingoje mpaka tusikie mkwaruzo?
3. Bibi mmoja hupiga pande sita kila siku kwa sindano ya almasi. Saa 500 zitatimia baada ya siku ngapi?

Mwalimu wa darasa atasahihisha majibu. Wenye sindano za zamani, zitazameni leo kabla ya kupiga wimbo mwingine. Kwaherini.